Mkasi na Sindano ya Begani

Kwa miezi saba Mkasi aliweza kumdanganya kila mtu, isipokuwa blauzi zake.

Blauzi haidanganyiki. Sharti uinue mkono ndipo ikuingie, na mkono wa kulia wa Mkasi ulikuwa umegoma kuinuka. Ulifika usawa wa kifua, ukakwama hapo kama droo iliyojaa nguo. Akiulazimisha, maumivu yaliruka kutoka begani mpaka kwenye meno. Basi Jumapili moja, akiwa peke yake chumbani, alizifumua blauzi zake zote tano upande wa kulia, kuanzia shingoni, begani, hadi ubavuni, akatia vishikizo. Tangu siku hiyo hakuzivaa tena kama watu wanavyovaa. Alijizungushia, akajifunga ndani yake kama mto unavyofungwa kwenye foronya. Kazini walidhani ni mtindo mpya. Mteja mmoja aliupenda, akaagiza mbili.

Jina la Mkasi alipewa karakanani, na lilimkaa kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa na miaka hamsini kasoro mmoja, mwembamba, mwenye mazoea ya kuzungumza huku amebana pini tatu kwenye pembe ya mdomo, na kazi yake ilikuwa kukata. Katika karakana ile ya makoti na sare, mafundi wa cherehani walikuwa saba, lakini mkataji alikuwa mmoja. Fundi wa cherehani akikosea, anafumua. Mkataji akikosea, kitambaa ndiyo basi. Kwa hiyo meza ya kukatia ilikaa katikati ya chumba, ndefu kama vitanda viwili, na hakuna aliyethubutu hata kuweka kikombe cha chai juu yake.

Ukutani, nyuma ya meza, kulikuwa na safu tatu za misumari. Hapo zilitundikwa karatasi za kukatia, za kahawia na ngumu, hii ya kola, hii ya mgongo, hii ya mfuko, hii ya mkono wa koti. Zamani Mkasi alikuwa anainua mkono bila hata kutazama, anachomoa karatasi anayoitaka na hadithi yake haikatiki. Siku hizi alitumia mpini wa ufagio aliouchomekea kipande cha henga ya nguo.

"Naona unavua samaki, Dada Mkasi," Kasuku alimtania. Kasuku alikuwa fundi wa cherehani ya kwanza, mwanamume ambaye mdomo wake haufungi hata akiwa anatunga uzi kwenye sindano. "Wapo leo?"

"Wapo. Nikimpata mwenye mdomo mkubwa nitakuletea, ni ndugu yako."

Watu wakaangua kicheko, na Mkasi akashukuru moyoni, maana wakicheka hawaulizi.

Sasa utauliza, kwa nini hakwenda hospitali? Sababu alikuwa nayo, na ilikaa hatua mia mbili kutoka karakanani, kwenye kibanda cha fundi viatu.

Fundi viatu huyo alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alipokuwa na miaka saba alishikwa na homa, na nyumbani akaitwa mtu mmoja aliyekuwa anapita na kijisanduku cha chuma, akichoma watu sindano. Mkasi alikuwa na miaka mitano. Alikumbuka harufu ya spiriti, akakumbuka kijisanduku kilivyolia kilipofunguliwa, akakumbuka kaka yake amelazwa kifudifudi kwenye mapaja ya mama. Sindano ikaingia takoni. Ilipofika saa tisa mchana mguu wa kushoto ukawa mzito. "Umelala tu, utaamka," mama alisema. Haukuamka. Ile sindano ilikuwa imegonga mshipa wa fahamu, ingawa neno hilo walikuja kulisikia miaka mingi baadaye. Mguu ukakonda, ukabaki nyuma mwenzake ukikua. Leo kaka mtu alivaa kiatu cha kushoto chenye soli nene kama matofali mawili, alichojitengenezea mwenyewe, na alikuwa anajisifu kwamba hakuna mteja mwenye kiatu kama hicho mji mzima.

Kaka alicheka. Mkasi hakuwahi kucheka. Kwa miaka arobaini na minne, kila sindano ya daktari aliyoiona ilikuwa inaelekea takoni kwa mtoto yule. Hata alipojifungua alikataa kuchomwa, akauma khanga mpaka ikatoboka. Na ukimwambia, "Lakini wewe kutwa unashika sindano!" alikujibu, "Naishika mimi, na naona inapokwenda."

Basi akaendelea kuchua bega kwa dawa ya mafuta, akajikuna mgongo kwa rula, akachana nywele kwa mkono wa kushoto upande mmoja na kuuacha upande mwingine ujitegemee. Pengine angeendelea hivyo mpaka leo, kama isingekuwa bendi.

Bendi ya tarumbeta iliagiza makoti kumi na mawili ya buluu, kitambaa kizito cha sufu, kilicholetwa kikiwa kamili, hakuna cha ziada. Ukitaka kukata mikono ya koti, unakunja kitambaa mara mbili, uso kwa uso, unakata mara moja, unapata mkono wa kulia na wa kushoto kwa mpigo. Lakini kukunja kitambaa kizito namna ile kunataka ukirushe juu ya meza kwa mikono miwili, kama mtu anayetandika shuka. Mkasi alijaribu mara moja. Bega likampiga, akaona nyota. Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Basi akaamua kukata mkono mmoja mmoja, kitambaa kikiwa hakijakunjwa. Inawezekana, ila kila ukimaliza mmoja lazima uigeuze karatasi, chini iwe juu, ndipo ukate wa upande wa pili.

Siku ile maumivu yalikuwa yanamtwanga kuliko siku zote. Alikuwa anawaza kitu kimoja tu: amalize, akae chini.

Aliyegundua ni Kasuku. Alikuwa ameshona mkono wa kwanza kwenye koti, akachukua wa pili, akauweka, akaugeuza, akauweka tena. Akachukua mwingine. Akasimama, akaupitia mzigo wote.

"Jamani," akapaza sauti, "hii bendi wanapiga nini? Mikono ishirini na minne, yote ya kulia!"

Karakana nzima ikalipuka kwa kicheko. Kisha cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepiga hesabu kichwani: kitambaa hakuna kingine. Kasuku mwenyewe alimtazama Mkasi, na pale pale akatamani aumeze mdomo wake.

Mwenye karakana alikuwa mama mtu mzima, mzito wa mwili na mwepesi wa macho. Hakugomba. Alimwita Mkasi stoo, kati ya magunia ya vifungo, akafunga mlango.

"Inua mkono."

Mkasi akainua wa kushoto.

"Mkasi. Mimi si mtoto."

Akainua wa kulia. Ukafika kifuani, ukasimama, ukaanza kutetemeka. Machozi yakamlengalenga.

"Tangu lini?"

"Miezi saba, mama."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Kitambaa nitakitafuta mimi, na bendi nitazungumza nao. Lakini ile meza siwezi kuiacha hivi. Nakupa wiki sita. Ukirudi, ukachomoa karatasi ukutani kwa mkono huo, meza ni yako mpaka uzeeke. Ukishindwa, Kasuku atakata, na wewe utakaa hapa stoo ushone vifungo. Sikufukuzi. Ila nakwambia ukweli."

Kushona vifungo! Miaka ishirini na sita kwenye meza, halafu vifungo. Mkasi alitoka stoo, akaenda hospitali.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana mwenye miwani inayoteleza puani. Alimwinua mkono, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akamuuliza maswali, akamwambia, "Mama, bega lako limeganda. Kiungo cha bega kimezungukwa na kitu kama mfuko mwembamba. Mfuko wako umekuwa mnene, umesinyaa. Mfupa unataka kuzunguka, mfuko unaukatalia."

Mkasi alifikiri kidogo. "Yaani bitana imerudi."

"Bitana?"

"Kitambaa cha ndani ya koti. Ukilifua vibaya, nje kunabaki vilevile, bitana inasinyaa. Mwenye koti akiinua mkono, haendi. Watu wanalaumu koti, kumbe tatizo liko ndani."

Daktari alisukuma miwani juu. "Miaka yote natafuta namna ya kuwaeleza wagonjwa! Sasa, tunachofanya ni hivi. Naingiza sindano mpaka ndani ya huo mfuko, nasukuma maji ya chumvi, dawa ya ganzi na dawa ya kutuliza uvimbe, ili mfuko utanuke. Baada ya hapo ni mazoezi, kila siku. Sikuahidi muujiza, lakini wengi wanapata nafuu."

Baada ya neno "sindano" Mkasi hakuwa amesikia kitu. Midomo ya daktari ilicheza, sauti haikuja.

"Ukikosea?" aliuliza.

"Sichomi kwa kubahatisha. Tunatumia mashine ya mawimbi ya sauti, ile wanayotazamia mtoto tumboni. Naona sindano inavyokwenda."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nitaona?"

Daktari alimtazama vizuri, kama mtu aliyekuwa hajawahi kuulizwa hivyo. "Mimi nitakuwa nyuma yako, mashine itakuwa mbele ya uso wako. Ukifumba macho ni shauri yako."

Jioni hiyo alipita kwenye kibanda cha kaka yake. Kaka alikuwa ameshika kiatu cha mwanafunzi, anagonga misumari midogo aliyokuwa anaitema mmoja mmoja kutoka mdomoni. Familia nzima vyuma mdomoni! Mkasi alisimulia yote: mikono ya bendi, stoo, bitana, sindano. Nyundo ikasimama hewani.

Alitarajia utani. Kaka hakutania. Alitema misumari yote kiganjani.

"Lini?"

"Alhamisi. Saa tatu."

"Nitakuja."

Siku tatu hizo Mkasi hakula chakula kikashuka. Alipokuwa anafagia aliiona sindano kwenye ufagio. Alipokuwa anaoga alijigusa bega na kuagana nalo, bega bovu, lakini angalau lilikuwa lake. Jumatano aliandika kwenye karatasi "Sitakuja," kisha akakumbuka hajui ampe nani ile karatasi, akaichana.

Alhamisi walikaa kwenye benchi la mbao, ukumbi mrefu wenye kuta za kijani mpaka usawa wa kiuno na nyeupe kuanzia hapo. Feni ilizunguka bila kuleta upepo. Kaka alikuwa amevaa shati la kutokea, na mdomo wake ulikwenda kama cherehani isiyo na breki.

"Yule pale," alinong'ona, akionyesha mzee mwenye plasta ya mguu, "kapigwa na mke wake. Mtazame anavyoogopa kila mwanamke anayepita."

"Kaka, nyamaza."

"Na yule, kavunjika kidole akijikuna pua."

"Kaka."

"Nakuchangamsha, mdogo wangu. Wewe ndiye unayeogopa."

Lakini kijasho chembamba kilikuwa kinashuka nyuma ya sikio lake. Mara mlango ukafunguliwa, nesi akapita na trei ya chuma. Juu ya kitambaa cheupe kulikuwa na bomba nene la sindano, na pembeni yake sindano yenyewe ndani ya kasha lake, ndefu kama kidole cha kati. Trei ikalia kidogo, chuma kwa chuma.

Ule mlio. Mkasi aliujua. Akageuka kumtazama kaka yake, na aliona uso ambao hakuwa ameuona kwa miaka arobaini na minne: uso wa mtoto wa miaka saba.

"Nakwenda kununua maji," kaka alisema. Akainuka, soli nene ikapiga sakafu, ko, ko, ko, mpaka mwisho wa ukumbi. Hakurudi.

Mkasi akaitwa.

Chumba kilikuwa kidogo, na baridi, na taa imepunguzwa. Nesi, mwanamke mcheshi mwenye mikono ya moto, alimuuliza kama ana sukari, kama kuna dawa inayomdhuru, kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Hapana, hapana, hapana. Kisha akavuta vishikizo vya blauzi, tap, tap, tap, upande mzima ukafunguka.

"Yesu wangu, hii blauzi! Wagonjwa wote wangevaa hivi tungemaliza saa nne!" Mara akarudisha mkono. "Aaa! Nini hiki?"

Ilikuwa sindano ya kushonea, imechomekwa kwenye ukosi, na uzi mweusi bado unaning'inia. Mafundi wote wanachomeka hapo, na wote wanasahau.

Daktari aliitazama, akamtazama Mkasi. "Mama, umekuja na ya kwako?"

Siku nyingine Mkasi angecheka. Alilala kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ukawekwa juu ya mto mbele ya kifua. Mgongo wake ukawa wazi. Hakuna kitu kibaya kama kuwa na mtu mwenye sindano nyuma yako. Moyo ulimpiga mpaka shuka la kitanda likatikisika. Kitu cha baridi na utelezi kikapakwa nyuma ya bega, kama uji uliolala, kisha kichwa laini cha mashine kikaanza kuteleza juu yake.

Mashine ile haipigi picha kama kamera. Inatoa sauti nyembamba mno, ambayo masikio yetu hayana habari nayo. Sauti inaingia mwilini, inagonga nyama, inagonga mfupa, inarudi, na mashine inachora kila mahali iliporudi. Mkasi hakuyajua hayo. Alikuwa amefumba macho.

"Naanza na ganzi ya ngozi. Kidogo tu kama siafu."

Siafu akauma. Mkasi akashika mkono wa nesi. Halafu akasikia kitu kingine, butu, kinasukuma. Kinaingia. Na ndani ya giza la macho yake alimwona mtoto amelala kifudifudi, akaona kwamba kama ataendelea kufumba atamwona huyo mtoto tu, hatamwona mwingine mpaka mwisho.

Akafumbua.

Kioo cha mashine kilikuwa cha rangi ya majivu, mistari juu ya mistari, kama bunda la vitambaa lililotazamwa kwa ubavu. Juu ngozi, chini nyama kwa matabaka, na chini kabisa upinde mweupe unaong'aa.

"Huo ni mfupa," daktari alisema nyuma yake. "Na huo mstari unaotoka pembeni ndiyo sindano."

Aliiona. Mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka, unapita kati ya matabaka polepole, kama yeye mwenyewe anapopitisha sindano kwenye pindo bila kugusa kitambaa cha nje. Ulisogea. Ukasogea tena. Kisha ncha ikapotea. Mstari ulikuwepo, mwisho wake haukuwepo.

"Simama!" Mkasi alipiga kelele.

Nesi akashtuka. Kichwa cha mashine kikatulia.

"Nini, mama?"

"Ncha! Siioni ncha!"

Feni ya mashine ikavuma.

"Hata mimi siioni," daktari alisema taratibu. "Ndiyo maana nimeshasimama. Mkono wangu hausogei. Natafuta kwa mashine kwanza."

Kichwa laini kikainama kidogo, kikazunguka upana wa ukucha. Vitambaa vya majivu vikayumba. Na hapo, karibu kabisa na ule upinde mweupe, kidoti kikameta.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Niendelee?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kaka yake swali hilo. "Endelea," Mkasi alisema.

Maji yalipoanza kusukumwa, palitokea weusi mwembamba kati ya upinde na tabaka la juu yake, ukapanuka, ukanyanyua. Wakati huo huo bega likajaa, likabana, likawa kama limevishwa mtu mwingine ndani yake. Aliuma meno. Alibinya mkono wa nesi mpaka nesi akasema, "Mama, na mimi nina mifupa." Kisha ndani kabisa kitu kikaachia, polepole, kama mshono wa zamani unaokatika uzi mmoja mmoja.

"Basi," daktari alisema. "Tumemaliza." Na akaendelea kueleza mambo mengine, mengi, huku anafuta utelezi. Mkasi alitikisa kichwa kwa yote, na hakusikia hata moja, kwa sababu alikuwa anasikiliza moyo wake ukishuka ngazi. Alipewa karatasi. Akaitia kwenye mkoba.

Kaka alikuwa getini, amesimama juani, chupa mbili za maji mkononi, zote hazijafunguliwa.

"Nilikuwa na kiu," alisema, hakumtazama.

"Naona ulivyokunywa."

Walikwenda nyumbani. Kaka alitandika mkeka, akapika chai, akamwekea kikombe kwenye kistuli. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Mkasi akanyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe.

Mkono haukwenda.

Haukuuma. Hicho ndicho kilichomtisha. Kwa miezi saba ulikuwa unauma, na sasa haukusema kitu, ulining'inia pale mapajani kama wa sanamu ya dukani. Akajaribu tena, kwa nguvu zote. Bega likatikisika kidogo, kiganja kikaparaza kistuli, kikombe kikapinduka, chai ikasambaa mkekani.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono umekuwa mzito."

Kaka aligeuka na birika. Rangi yote ilimtoka usoni.

"Hivi hivi," alinong'ona. "Mguu wangu ulianza hivi hivi."

Wakatazamana, watu wazima wawili, na kati yao kijisanduku cha chuma kikafunguka. Mkasi aliona meza ya kukatia ikienda mbali. Aliona hata vifungo hatashona. Aliona mkono umekonda ndani ya blauzi, na watu wanasema hakuna mwenye mkono kama huo mji mzima.

Kaka ndiye aliyesogea. Alipiga magoti kwa shida, mguu mbovu ukiwa pembeni, akakishika kiganja chake.

"Ngoja. Mama alinifinya vidole vya mguu. Nakumbuka. Alinifinya, akanichoma na mwiba, na mimi sikusikia chochote. Kwako tujaribu. Sindano yako iko wapi?"

Ilikuwa kwenye ukosi. Nesi alikuwa ameirudisha.

"Tazama kule," kaka alisema. "Usichungulie."

Mkasi akageuza uso ukutani. Kaka alikuwa hajawahi kumchoma mtu sindano, na kwa vyovyote hakutamani.

"Sasa?"

"Gumba!" Mkasi alisema. "Aii! Gumba."

"Sasa?"

"Kidogo. Cha mwisho."

"Sasa?"

"Cha pete."

"Sasa?"

Mkasi alisubiri. Hakusikia kitu. Akasubiri tena, na dunia ikasimama, mpaka akapata wazo. "Kaka, hujagusa."

"Sijagusa," kaka alikiri. "Nilitaka kuhakikisha." Akaweka kichwa juu ya goti la mdogo wake, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na Mkasi hakujua kama anacheka au analia.

Baadaye sana, wakikausha mkeka, kaka aliuliza kama hospitali hawakusema chochote. Hapo Mkasi akakumbuka karatasi. Kaka akaisoma kwa sauti: "Kutokana na ganzi, mkono unaweza kuwa mzito au dhaifu kwa saa kadhaa. Usibebe vitu vya moto."

"Ungeniambia kuna karatasi!"

"Ungeingia ndani ungeyasikia kwa daktari mwenyewe, bwana maji!"

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama maumivu yalirudi begani, yaleyale, na Mkasi akayapokea kama mgeni aliyecheleweshwa na mvua.

Mazoezi yalikuwa mateso ya aina yake. Asubuhi na jioni alisimama mbele ya ukuta wa chumba chake, akatembeza vidole kuelekea juu kama buibui mzee, na pale vilipogota alichora mstari kwa chaki ya kukatia. Mistari ya wiki ya kwanza ilikaa pamoja kama ndugu wanaogombea kitanda. Wiki ya pili mmoja ukawa chini ya wa jana yake, akashinda na hofu siku nzima. Wiki ya nne ikapita usawa wa macho. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, alijiuliza vilevile: je, kama leo mkono utagoma tena?

Siku ya mwisho ya wiki sita alivaa blauzi moja aliyokuwa ameishona upya, bila vishikizo. Nne aliziacha zilivyo. Mtu hajui.

Alipoingia karakanani, mpini wa ufagio ulikuwa umeegemea pale pale, na henga yake. Mama mwenye karakana alisimama kando ya meza, juu yake kitambaa kipya cha buluu.

"Mikono ya koti," alisema. "Ya bendi."

Karatasi hiyo ilikuwa kwenye msumari wa safu ya kati. Mkasi alipiga moyo konde, akainua mkono. Kifua. Kidevu. Sikio. Hapo bega likakaza, na akasikia jasho likimtoka mgongoni. Akaitazama karatasi, akaitazama ncha ya kidole chake, upana wa vidole viwili kati yao, na hakuondoa macho hapo. Akasukuma polepole. Kidole kikagusa. Karatasi ikachomoka.

"Na ya juu?" Mama aliuliza, akionyesha safu ya tatu.

Mkasi aliikadiria kwa macho. "Ya juu bado, mama. Sijui kama nitafika."

Mama aliitazama misumari, kisha akageuka. "Kasuku! Leta nyundo. Hii safu ya juu ishushe shubiri moja. Nani alisema misumari ikae karibu na dari?"

"Mimi nilidhani ni ya popo," Kasuku alisema, tayari yuko njiani.

Mkasi akashika kitambaa kwa mikono miwili, akakirusha. Kikatanda nusu. Akakirusha tena, bega likalalamika, kikalala mara mbili, uso kwa uso. Aliweka karatasi juu yake. Kabla hajashika mkasi aliinua pembe ya kitambaa, akachungulia chini, akahesabu kwa kidole: wa kulia, wa kushoto. Akaishusha. Akaiinua tena, akachungulia mara ya pili.

Ndipo akakata.